Fenesi na Kunde za Mzee Chatu

Zamani zile za kale, wanangu, ulipita mwaka ambao masika hayakuja, na vuli nayo ikapita pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Mito ikabaki njia za mchanga. Kisha moto ukaila nyika yote, na ulipozima, wanyama wakawa wanatembea juu ya majivu bila hatua zao kusikika. Ungeweza kugeuka ukamkuta mtu nyuma yako, na hukumsikia akija.

Mwaka huo aliishi Pimbi. Ukimwona juu ya jiwe utadhani ni sungura aliyekatwa masikio. Mwili hana, mbio za kutisha hana, lakini macho yake yalikuwa yanaona, na vile visikio vyake vifupi havikupitwa na jambo.

Moto ulipofika kwenye mawe yake, Pimbi aliungua nyayo zote nne. Alikuwa amelala pale akingoja kufa, ndipo akapita jirani yake Ngiri. Ngiri alikuwa mkubwa, mwenye pembe za mdomoni na maneno mengi, na moyo wake ulikuwa mweupe. Hakuuliza swali. Alipiga magoti, akamwambia apande mgongoni, wakaondoka. Siku tatu alimbeba juu ya majivu, naye mwenyewe hajala kitu.

Siku ya nne asubuhi wakasikia harufu.

Ilikuwa harufu ya fenesi lililoiva, nzito na tamu, ile inayoingia puani ikakaa. Nyika nzima ilikuwa nyeusi, hapakuwa na jani, na harufu ile ikaja kama vile kuna mtu anaituma. Ngiri alianza kudondokwa na mate. Pimbi akakumbuka kwamba karibu miezi sita kabla, jirani yao Paa aliwaambia amesikia harufu ya fenesi, akaenda kuifuata na njuga yake ikilia mguuni. Aliahidi kurudi kuwachukua. Hakurudi, nao wakasema ameshiba akasahau watu.

Wakaifuata mpaka wakafika kwenye korongo.

Huku nyuma jua lilikuwa linawaka, lakini korongoni mlikuwa na ukungu mweupe uliolala chini kama maziwa kwenye bakuli. Hapakuwa na ndege, wala nzi. Wakashuka. Wakakuta kidimbwi cha maji safi, wakanywa mpaka pumzi zikawaishia. Mbele ya kidimbwi palikuwa na ujia mwembamba kati ya majabali mawili, finyu chini na mpana juu. Ngiri alipita kwa kujisugua mbavu huku na huku. Ujia ulipokwisha wakaona nyumba iliyochongwa ndani ya mwamba, na ubavuni mwake mfenesi mmoja, umezaa toka shina hadi matawi. Mlangoni palilala gogo kubwa lenye mabaka.

"Karibuni, wageni wangu," sauti ikasema.

Haikutoka mbele yao. Ilitoka chini. Lile gogo lilikuwa linawatazama.

Alikuwa ni Mzee Chatu. Alisema nao taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa katika nyumba ya watu. Aliwapa pole ya njia, akaziona nyayo za Pimbi, akasema maskini. Akawaambia wasimwogope, kwa kuwa yeye hula mara mbili tu kwa mwaka, na zamu yake haijafika. Alipojisogeza kuwapisha waingie, Pimbi akasikia kengele ndogo mahali fulani mbali: kiling'... kiling'. Alifikiri kuna mbuzi juu ya korongo.

Ndani mlikuwa na kila kitu: mafiga, vyungu, mikeka, na vikapu saba vya kunde kavu vimepangwa ukutani. Juu ya vikapu, kwenye vigingi, vilitundikwa vitu vya watu. Shanga za kanga, kofia ya kindi, kifimbo cha kutembelea, makubadhi madogo ya mtoto. Ngiri akauliza ni vya nani. Chatu akasema ni vya wageni waliotangulia. Walikaa, wakanawiri, wakaenda zao. Pimbi akajiuliza moyoni mbona wameondoka bila viatu.

Walipokwisha kupumzika, Chatu akawaeleza shida yake.

"Mimi nimezeeka na swali moja," alisema. "Baba yangu alikufa analiuliza, na babu pia. Kipi kinaufaa mwili zaidi, tunda au kunde? Wengine husema tunda, kwa kuwa lina utamu na maji na linang'arisha ngozi. Wengine husema kunde, kwa kuwa zinajenga nyama na mfupa. Mimi sitaki kusema. Nataka kujua."

Akawaomba wamsaidie. Ngiri ale fenesi peke yake, kadiri anavyotaka. Pimbi ale kunde peke yake. Yeye atawapima kila asubuhi, basi. Ngiri alicheka kwa furaha. Katika mwaka wa njaa kuna mtu anakuomba ule, tena umsaidie kwa kula.

Asubuhi ya pili wakajua kipimo chenyewe. Chatu hakuwa na kamba wala mizani. Alipima kwa kukumbatia.

Alimzunguka Ngiri mara tatu, polepole, akatulia, akafumba macho. Ncha ya mkia iliyobaki ikanyooka sakafuni, ikafika hadi kwenye kizingiti. Chatu akaitazama ilipofika, akaachia. Kisha akaja kwa Pimbi, mzunguko mmoja tu ukamtosha. Mwili wa Chatu ulikuwa wa baridi na mkavu. Haukubana. Ulishika tu, kama mtu anavyoshika embe sokoni kujua kama limeiva.

Siku zikaenda hivyo. Ngiri alikula fenesi asubuhi, adhuhuri na jioni. Akaanza kung'aa. Mikunjo ya uso ikajaa, shingo ikapotea, na kila asubuhi ule mkia ukaishia mbali zaidi na kizingiti. Ila maneno yalianza kumwisha. Yeye aliyekuwa haachi kusema akawa analala mchana kutwa, mdomo unanata utomvu, akiamka anauliza kama kuna fenesi jingine. Siku moja alimwita Pimbi "Paa". Siku nyingine hakumwita jina lolote.

Pimbi hakunenepa. Alizipika kunde zake, akazila, na mwili ukawa unakaza tu. Nyayo zikapona, mapaja yakawa magumu. Chatu alipompima alikuwa anapita haraka, kama anayesoma ukurasa asioupenda.

Siku ya saba Chatu akamkumbatia Pimbi muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Labda alikuwa anawaza mambo yake. Sikio la Pimbi lilikuwa limebanwa kwenye magamba, naye akawa anasikiliza ule ukimya wa ndani, mzito kama wa kisima. Chatu akavuta pumzi.

Kiling'... kiling'.

Haikuwa mbali. Haikuwa juu ya korongo. Ilikuwa humo humo, upande wa pili wa ngozi, karibu na sikio lake. Na Pimbi aliijua sauti ile, maana alikuwa ameisikia miaka mingi ikipita mbele ya mawe yake kila jioni. Ilikuwa njuga ya Paa.

Hakupiga kelele. Alibaki vile vile hadi alipoachiwa, akashukuru kwa adabu, akaenda jikoni, akakaa chini.

Baadaye akamwendea Ngiri na kumweleza yote kwa kunong'ona. Kwamba wale wageni hawakuondoka. Kwamba mtu anayekula mara mbili kwa mwaka ana sababu ya kutaka kila mlo uwe bora, na huyu sasa anataka kujua amlishe mgeni wake nini. Ngiri alimsikiliza kwa jicho moja.

"Mzee ananipenda," alisema, akalala.

Pimbi akaizunguka nyumba. Mlango haukuwa na ubao. Mlango wa nyumba ile ulikuwa ni Chatu mwenyewe, amelala pale usiku na mchana. Lakini nyuma ya vikapu alikuta ufa katika mwamba. Aliingiza kichwa, akaingiza mabega, akaona mwanga kwa mbali. Angeweza kutoka saa ile ile.

Alikaa ndani ya ufa ule muda mrefu, uso umeelekea kwenye mwanga. Alikuwa anaogopa, msidhani hakuogopa. Lakini alikuwa anasikia Ngiri anakoroma kule nyuma, na nyayo zake mwenyewe, zilizopona, zikawa zinamkumbusha ni nani aliyempakia mgongoni. Akarudi kinyumenyume.

Siku zilizofuata alitafuta hila, na hila haikuja. Siku ya kumi na moja Chatu alimpima Ngiri, na ncha ya mkia haikusogea hata dhiraa moja kutoka ubavuni. Chatu akatabasamu. Akasema kesho itakuwa siku ya jibu.

Pimbi alienda jikoni bila kujua anafanya nini. Akajaza chungu kunde kavu mpaka juu, akatia maji mpaka juu, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Kisha akasahau kuwasha moto. Akakaa pembeni, kichwa kati ya magoti, mpaka jua likageuka.

Krrr.

Akainua kichwa. Jikoni hapakuwa na mtu. Ngiri alikuwa amelala, na Chatu yuko mlangoni. Lakini jiwe lilikuwa linasogea. Kifuniko kilikuwa kinapanda chenyewe, polepole, kama kwamba ndani ya chungu kuna mtu anayeinuka. Nywele za Pimbi zikasimama. Akafikiri ni Paa, ni yule mtoto mwenye makubadhi, ni wote waliotundikiwa vitu vyao ukutani. Jiwe likaanguka. Kisha chungu chenyewe kikapasuka, pa, ufa ukashuka toka mdomoni hadi kitakoni, na kunde zikamiminika nje, nene, zimevimba maradufu.

Pimbi alijua kunde huvimba; nani asiyejua? Ila hakuwa amejua kwamba zikizuiwa zinapasua. Alizitazama kwa muda. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu afike, akala chakula chake kwa hamu.

Kesho yake asubuhi Chatu akamzunguka Ngiri, na safari hii hakuonyesha dalili ya kumwachia. Akasema fenesi limeshinda, na anawashukuru wote wawili.

"Kwa heshima yako, mzee," Pimbi akasema, "utakosea."

Chatu akageuza kichwa polepole.

"Umepima nje tu," Pimbi akaendelea. "Mbonyeze Ngiri. Sasa nibonyeze mimi."

Chatu akambonyeza Ngiri, akabonyea kama fenesi lenyewe. Akambonyeza Pimbi, na hapo akakutana na nyama iliyokaza kama mpini wa jembe. Akarudia mara mbili. Pimbi aliona mashaka yanaingia katika yale macho yaliyotulia, maana anayekula mara mbili kwa mwaka hataki kukosea hata mara moja.

Pimbi akamweleza kwamba Ngiri amejaa maji na sukari, labda kuna nyama ndani yake na labda hakuna. Yeye Pimbi ana nyama, lakini ni kidogo mno kwa kulinganisha. Miili miwili tofauti haiwezi kutoa jibu moja. Mwili mmoja tu ndio unaofaa kupimia, mwili mkubwa, mtulivu, unaojua kungoja.

"Wangu," Chatu akasema.

"Anza na kunde, kavu kama zilivyo. Kesho utajaribu fenesi. Jioni yake utakuwa unajua jambo ambalo baba yako hakulijua."

Chatu akafikiri. Akauliza kwa nini zisipikwe. Pimbi akamjibu kwamba zikipikwa nguvu yake huhamia kwenye mchuzi. Kunde kavu ni nguvu iliyolala, na maji ndiyo huiamsha. Chatu akamtazama, akasema basi atangulie yeye.

Pimbi alijua kwamba hilo lingekuja. Akateka kunde kavu gao moja, ujazo wa kiganja chake, akazitafuna na kuzimeza mbele yake, akanywa kata ya maji. Wakakaa. Chatu alikuwa anamtazama bila kupepesa, naye Pimbi akawa anamtazama vile vile. Gao moja halipasui mtu, na kunde haziamki haraka. Muda ukapita, Pimbi yuko mzima. Chatu akamwachia Ngiri, akaja kwenye vikapu.

Alimeza kikapu cha kwanza, chururu, na cha pili, na cha tatu. Kunde zilikuwa zinaingia kwa sauti ya mvua kwenye makuti, sauti ambayo mwaka ule hakuna aliyeisikia. Alimaliza vyote saba. Kisha akaanza kutambaa kwenda kidimbwini kunywa.

Lakini hakuwa mjinga. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa kilifika kwenye maji, mwili ukajaza ule ujia wote kati ya majabali, na mkia ukabaki mlangoni, umejikunja kama komeo. Ngiri akataka kujua kama wanaweza kutoka sasa. Pimbi akamwambia bado. Wakakaa sakafuni, wakautazama mkia.

Wakamsikia anakunywa, gubu, gubu, gubu, muda mrefu.

Jua likapanda. Sauti ya Chatu ikaja kupitia ujiani, ya mbali na ya taratibu.

"Pimbi. Naona nguvu inakuja."

"Ndivyo ilivyo, mzee," Pimbi akajibu.

Mkia ukatikisika kidogo, ukatulia. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Adhuhuri ikapita.

"Pimbi. Nguvu inazidi."

Mkia ulianza kuinuka sakafuni wenyewe, ukakakamaa, ukabaki umesimama hewani kama kijiti. Majabali yakatoa mlio, kama mlango mzito unaosukumwa kwa bega.

"Pimbi," sauti ikaja, nyembamba sasa. "Nguvu hii inakoma lini?"

Pimbi akamshika Ngiri sikio na kumvuta mpaka akasimama. Walipofika ujiani, Ngiri akaona, na usingizi wa siku kumi na mbili ukamtoka mara moja. Ujia wote ulikuwa umejaa. Chatu alikuwa amevimba toka jabali hadi jabali, magamba yametengana, ngozi imewambwa kama ngoma, na ukisikiliza ungesikia ndani yake vitu vingi vidogo vinasukumana. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Njia ilikuwa moja tu, juu yake.

Pimbi akapanda kwanza. Ngiri akafuata, na kila hatua mgongo ule ulikuwa unahema chini ya kwato zake. Kwa unene aliokuwa nao, asingepita tena kule chini alikopita siku ya kwanza. Ni mgongo wa Chatu uliomwinua hadi pale ujia unapopanuka. Walitembea juu ya mwenyeji wao kama watu wanavyovuka daraja, mpaka mwisho wa daraja ukawa ni kichwa.

Kichwa kilikuwa kimelala kando ya maji. Mdomo ulikuwa wazi nusu, na mlemle kooni kunde zilionekana, nyeupe na nene. Hakuweza kuuma. Macho yalikuwa yale yale, yenye adabu.

Ngiri akaruka akakimbia. Pimbi alipokuwa anapita, Chatu akamwita kwa sauti ambayo ilikuwa karibu ni pumzi tu. Hakumtukana wala hakumwomba. Alisema anataka kulijua jibu.

Pimbi akasimama. Alikuwa amekwisha kumdanganya vya kutosha siku ile, na hili akaona amwambie kweli.

"Fenesi lina utamu na maji, linakupa nguvu ya leo. Kunde zinajenga nyama ya kesho," alisema. "Mwenye akili hula vyote viwili, tena hula kwake."

Chatu akafumba macho, kama mtu aliyekuwa na kiu akanyweshwa. Pimbi hakungoja kuona zaidi.

Ngiri alimsubiri juu ya korongo. Alilia njia nzima, wala hakueleza anamlilia nani. Waliishi kwa mizizi mpaka mvua zikaja.

Na zilipokuja, waliopita karibu na korongo lile waliona jambo. Ukungu umeondoka, ndege wamerudi, na katika ule ujia zimeota kunde. Zimeota nene, za kijani kibichi, mstari mmoja mrefu uliojipinda toka kwenye mlango wa nyumba hadi kwenye maji. Zinazaa kila mwaka hadi leo, na hakuna anayezichuma.

Basi, wanangu, nami hapa ndipo ninapotua mzigo wangu: ukiambiwa chakula hiki kina faida mwilini, uliza kwanza faida hiyo ni ya nani.